Kimya cha Kompyuta na Kimya cha Darasa

Waswahili husema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii niliifundisha miaka mingi, lakini maana yake imenijia barabara uzeeni, nilipoketi kusoma ukurasa mmoja wa mwongozo wa PHP, lugha ya kompyuta ambayo Rasmus Lerdorf aliitangaza mwaka 1995. Ukurasa wenyewe unaeleza shell_exec, yaani njia ya tovuti kuiagiza kompyuta iendeshe programu nyingine.

Kilichonipeleka huko ni aibu. Kijana mmoja niliyepata kumfundisha, ambaye sasa ni mkufunzi, alitengeneza tovuti ya kuchapa taarifa za matokeo ya wanachuo. Alipoiandika amri kwa mkono wake, taarifa zilitoka. Tovuti ilipoitoa amri hiyo hiyo, ukurasa ulibaki mtupu. "Mwalimu, kwangu inafanya kazi," aliniambia. Nikamjibu mbele ya wenzake kwamba huo ni udhuru wa mvivu. Kumbe alisema kweli.

Mwongozo ule una sifa yake. Unakiri wazi kwamba shell_exec hurudisha null kunapotokea kosa, na pia programu inapokwisha bila kutoa neno. Anayetaka kujua kama amri imeshindikana atumie exec, inayompa msimbo wa kumalizia. Lakini mfano unaotolewa ni ls -lart, kuorodhesha mafaili, amri ambayo aghalabu hufaulu. Hapo mimi mwalimu napinga. Mwanafunzi hafundishwi kwa hesabu iliyokubali tu. Aandikiwe ubaoni na ile iliyokataa, aone ilipokatalia.

Mfano ambao ningeuongeza ni wa kijana wetu. Alipoweka 2>&1 mwishoni mwa amri, malalamiko yaliyokuwa yakipotelea kwingine yalikuja pamoja na matokeo: programu haikuonekana. Msimbo ulikuwa 127. Sababu ni kwamba seva haikufanya kazi kwa jina la kijana. Ilikuwa na jina lake, www-data, na orodha yake ya mahali pa kutafutia programu ilikuwa tofauti. Akaandika njia kamili ya programu. Msimbo ukawa 126, yaani kuiendesha hakuruhusiwi, kwa kuwa programu ilikaa ndani ya folda yake binafsi, ambamo wengine hawaingii. Mwenzake akashauri folda ifunguliwe kwa watu wote kwa 777. Hiyo si tiba. Ni kung'oa mlango kwa kuwa umepoteza ufunguo. Programu ilihamishiwa /usr/local/bin, taarifa zikatoka.

Ndugu msomaji, nilipokuwa mkuu wa chuo, ni vipindi vingapi nilivifunga kwa kuuliza "Mmeelewa?" na kukihesabu kimya cha darasa kuwa ndiyo? Walionyamaza kwa kuelewa na walionyamaza kwa hofu niliwaweka kapu moja. Mwongozo ule, pamoja na upungufu wake, umeandika kwamba kimya chake kina maana mbili. Mimi sikuwahi kuwaonya walimu niliowalea.

Kijana yule nilimwendea, nikamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia. "Yamekwisha, Mwalimu," alisema, kisha akanyamaza. Safari hii sikuharakisha kukifasiri kimya chake.