Bia Kwanza au Kali Kwanza? Uhakiki wa Sheria Moja ya Baa

Kuna fasihi simulizi ambayo haiko kwenye silabasi yoyote, na ndiyo tunayoitumia kila wikendi. Usichanganye. Ukianza na bia, usimalizie na kali. Usikunywe na tumbo tupu. Asubuhi ukiamka vibaya, toa lock. Kila meza ina mzee wake wa kutoa hizi sheria, na mara nyingi huyo mzee ana miaka 24.

Nataka kuhakiki moja tu, ile ya mpangilio, juu ndiyo inayosemwa sana na ndiyo inayoficha mengi. Huku Chebunyo, upande wa chini wa Bomet ambapo majani chai yanaisha na mahindi na ng'ombe wanachukua nafasi, nimeisikia kwa Kipsigis, kwa Kiswahili na kwa Sheng. Karibu kila mara inasemwa kesho yake, juu ya mtu aliyelala amejifunika uso. Neno ni moja: "Alichanganya." Kesi imeisha.

Tuanze na umbo, kama tulivyofunzwa chuoni kabla sijaacha. Wazungu wameitia sheria hii vina, ndiyo maana imesafiri sana. Lakini ziweke zao mbili kando kwa kando uone. Mjerumani anakuambia anza na bia ndio uende kwa waini, ukigeuza umeharibu. Mmarekani anakuambia ukianza na bia kisha uende kwa kali, umejimaliza, heri uanze na kali. Mmoja anasema kupanda ngazi ni salama, mwingine anasema kupanda ngazi ndiko kunakuangusha. Wote wana vina safi kabisa. Hiyo ingetosha kutushtua: kina kinafanya kitu kikumbukwe, hakikifanyi kiwe kweli.

Watu walienda kupima. Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witten/Herdecke, Ujerumani, pamoja na wenzao wa Cambridge, walichapisha jaribio la watu 90 wa kati ya miaka 19 na 40. Kundi moja lilikunywa bia kisha waini nyeupe. La pili waini kisha bia. La tatu kinywaji kimoja tu, bia au waini. Walikunywa hadi pumzi ionyeshe kiwango kilekile, asilimia 0.11, wakalala wakiangaliwa, na kesho yake wakapewa alama za hangova. Baada ya wiki wakabadilishana. Matokeo? Mpangilio haukuleta tofauti yoyote ya maana. Kilichotabiri asubuhi mbaya ni mambo mawili ambayo hata shosho angekuambia bure: mtu alijihisi amelewa kiasi gani, na kama alitapika.

Basi mbona sheria inaonekana kweli kila Jumapili? Kwa sababu inaelezea usiku vizuri, ila inakosea chanzo. Hakuna mtu huanza na bia mbili, akapanda hadi mzinga, kwa sababu ya mpangilio. Anapanda kwa sababu ashalewa, pesa imeingia, au bia imekuwa ghali na kakuota ka kali kanamaliza kazi haraka. Tusker ina asilimia 4.2 ya kileo. Kali nyingi zinakaribia 40. Mkono uliozoea kumeza bia ukishika kali, unameza kwa mwendo uleule. Ini nalo lina mwendo wake, halijui foleni imepangwaje mezani. Aliyechanganya kwa kawaida ni aliyekunywa mingi.

Mpaka hapo ungesema huu ni utani wa baa, tuachane nao. Siwezi, kwa sababu ya lile neno "alichanganya". Nani alichanganya? Kisarufi, mtenda ni mnywaji. Sheria inamfanya mwandishi pekee wa hangova yake. Inadhani kila kilichokuwa kwenye glasi ni kile alichoitisha, na kwamba uchanganyaji ulianza pale alipoketi.

Soma historia yetu na hiyo dhana mkononi. Novemba 2000, Mukuru, Nairobi: zaidi ya watu 130 walikufa kwa pombe ya kumi kumi iliyokuwa na methanoli, na waliopona, wengine walipona bila macho. Mei 2014, Embu, Kiambu, Kitui na kwingine: zaidi ya 80. Februari 2024, Kirinyaga: watu wasiopungua 17, na serikali yenyewe ikasema pombe ile ilikuwa kielelezo kilichoibwa kutoka kituo cha polisi. Fuata mpangilio huo wa mwisho polepole. Imenaswa, imewekwa polisi, imetoka polisi, imeuzwa, imenywewa. Huo ndio mpangilio uliowaua watu. Hakuna aliyeketi kwenye benchi la kilabu angeweza kuubadilisha kwa kuanza na bia.

Na hapa kuna kejeli ambayo hakuna mtunzi angethubutu. Kuna mahali ambapo mpangilio una maana kweli, ila si mezani. Ini likipewa etanoli, kile kileo cha kawaida, pamoja na methanoli, linashughulikia etanoli kwanza. Methanoli inangoja. Ndiyo maana mtu anaweza kulewa kawaida, arudi nyumbani akiimba, alale, kisha saa nyingi baadaye methanoli igeuzwe kuwa asidi ya fomiki na ianze kushika mishipa ya macho. Kichwa, kichefuchefu, tumbo. Inafanana na hangova mwanzoni. Tofauti ni mwelekeo: hangova hupungua saa zikisonga, hii huzidi. Macho yanaona ukungu, pumzi inakuwa ya haraka.

Sasa rudisha ile sheria chumbani. "Alichanganya, mwache alale." "Mpe supu." "Mpe kidogo atoe lock." Hiyo kidogo, kama ina etanoli, inaweza kumtuliza na kusogeza dalili mbele, sumu ikiwa bado imo. Kutoka Chebunyo hadi hospitali ya rufaa ya Longisa ni safari, na usingizi wa mchana mzima ni muda ambao huyo mtu hana. Methali imegeuka kuwa utambuzi wa ugonjwa, na imetolewa na watu wasio na stethoskopu, wenye uhakika mia kwa mia.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliona umbo la hadithi hii mapema. Kwenye Petals of Blood, ya 1977, Theng'eta inaanza kama kinywaji cha kijiji cha Ilmorog, cha kunywa pamoja na kukumbuka, na inaishia kuwa bidhaa ya kiwanda yenye wakurugenzi. Swali la riwaya si Theng'eta ilinywewa kabla au baada ya nini. Ni ilipita mikono ya nani. Wazee wa Kipsigis nao walikunywa maiyek kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Sisemi zamani hakukuwa na walevi, walikuwepo. Nasema ukikunywa chungu kimoja na aliyeipika, swali la nani alichanganya lina jibu lenye uso. Leo chang'aa inafika kwa jerikeni, kali inafika na stika, na uso hauonekani.

Kwa hivyo hukumu yangu juu ya sheria hii: kama ushairi, imepita, inakumbukika na inachekesha. Kama sayansi, imeanguka. Kama maadili, ni mbaya, kwa sababu inamlaumu mtu wa mwisho kwenye mnyororo na kuwaacha wote waliotangulia.

Ukitaka asubuhi nzuri, kunywa kidogo, kula, kunywa maji, haijalishi umeanza na nini. Na mtu akiamka kesho kichwa kinazidi badala ya kupungua, akisema haoni vizuri, usiulize alianza na bia au na kali. Uliza ilitoka wapi, na huku ukiuliza, tafuta bodaboda au gari la kumpeleka hospitali.