Pongezi kwa Walinzi wa Mwamba wa Espoo

Wapo wanaostahili pongezi kwa tetemeko ambalo halikutokea. Mwaka 2018, huko Espoo, jirani na Helsinki nchini Ufini, maji yalisukumwa kwa shinikizo kubwa katika kisima chenye kina cha kilomita zaidi ya 6, ili kuupasua mwamba mgumu na hatimaye kuvuna joto lake. Na juu ya mwamba huo wanaishi watu, kuna chuo kikuu.

Kwa siku 49 wataalamu walifuatilia maelfu ya mitetemo midogo kupitia vipima-mitetemo vilivyozamishwa visimani, mbali na kelele za mji, wakijua ndani ya dakika chache imetokea wapi na kwa ukubwa gani. Kikomo cha ukubwa wa mtetemo kilikuwa 2.1; kikifikiwa, kazi ingesimama. Mitetemo ilipokua, walipunguza maji au kupumzisha pampu. Mkubwa kuliko yote ulikomea 1.9. Wakazi kadhaa walisikia mngurumo kama wa radi, basi.

Ninachokiheshimu hasa ni huo utayari wa kuzima pampu mapema. Katika mradi kama huo huko Basel, Uswisi, mwaka 2006, maji yalikatwa, lakini tetemeko la 3.4 likaja baadaye, na mradi ukafa.