Piga Hodi kwa Ufunguo Mbovu

Wengi wakikabidhiwa ufunguo wa API hutuma ombi moja, wakiona jibu la 200, yaani "sawa", wanashangilia na kuendelea na kazi. Walichojua ni kwamba mlango unafunguka, basi. Ubora wa huduma hujulikana inapokukatalia, kwa hiyo anza na makosa.

Tuma ombi bila ufunguo wowote. Jibu liwe 401, yaani "sikujui". Chukua ufunguo halisi, badilisha herufi ya mwisho, tuma tena: 401 ileile. Sasa shika ufunguo wenye ruhusa ya kusoma tu, ujaribu kufuta kitu. Hapa utarajie 403: "nakujua, ila huku huingii." Huduma inayochanganya hayo mawili itakufanya ukeshe, hujui ubadilishe ufunguo au uombe ruhusa.

Namba ya nje ya jibu, kama hiyo 200, isikutoshe. Kwenye SMS za kampuni ya Africa's Talking ya Nairobi, ombi moja hubeba wapokeaji wengi, na kila mmoja ana hali yake ndani ya jibu. Anayesoma namba ya nje peke yake hatajua nani hakufikiwa.

Kisha tazama ufunguo unakaa wapi. Mahali pake ni kwenye vichwa vya ombi. Ukiwekwa kwenye anwani ya ombi (URL), utabaki katika kumbukumbu za seva, na kila anayezisoma atauona. Tazama na sura yake: funguo za siri za majaribio za Stripe, huduma ya malipo, huanza na sk_test_ na za kazi halisi na sk_live_, hivyo jicho linakushtua kabla hujatoza kadi ya mtu.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni la kufuta ufunguo. Huduma moja niliyoitumia iliendelea kunipokea karibu saa nzima baada ya kuubatilisha. Ningekuwa nimeibiwa, mwizi angekuwa bado anajipakulia. Huduma iliyo bora hukuruhusu pia kuwa na funguo mbili kwa muda, ule mpya uanze kazi kabla wa zamani haujaondoka.

Jaribu pia kuzidisha maombi: upewe 429 pamoja na muda wa kusubiri.

Ukimaliza yote, futa ufunguo wako wa majaribio, kisha utume ombi kwa ufunguo huohuo. Likirudi na 401 papo hapo, huduma hiyo unaweza kuikabidhi siri za wateja wako.