«Blood in the Mobile»: tuliona shimo la Bisie, hatukuelezwa jiwe

Wandugu, wiki iliyopita tulikaa watu kumi hivi tukaangalia tena filamu «Blood in the Mobile» ya Mdenmark Frank Piasecki Poulsen, yenye ilitoka mwaka 2010. Ilipoisha, swali la kwanza halikuwa juu ya Nokia. Kijana mmoja, naye ana licence kama mimi, aliuliza: «Na uranium ya Walikale, mbona hawakuionyesha?» Nusu ya chumba ikaitika kwa kichwa. Mimi nilinyamaza, juu sikuwa na jibu la haraka. Hili andiko ndilo jibu langu, na ndani yake iko lawama yangu kwa filamu.

Tuanze na haki yake. Poulsen hakukaa hotelini Goma akasimuliwa. Alifika Walikale, akatembea msituni mpaka Bisie, akashuka shimoni pamoja na kijana mwenye alikuwa amefanya kazi mule. Sisi wa huku tunajua ile njia: siku mbili za matope, na wabebaji wanaotoka na kilo 50 mgongoni. Tunajua pia ndege zilizokuwa zinatua kwenye lami ya Kilambo kama vile barabara ni uwanja. Halafu aliwaendea wakubwa wa Nokia akawauliza madini ya simu zao yanatoka wapi, nao wakaanza kujikuna. Mwaka ule ule wa 2010, mwezi wa 7, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank yenye kifungu cha 1502 juu ya madini ya Kongo. Mwezi wa 9 Rais Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema. Filamu ilikuja saa yake.

Lakini muangalie vizuri: katika filamu hii mutajua nani ana bunduki, nani analipisha kodi, nani ananunua. Jiwe lenyewe halipewi nafasi kubwa. Limefika pale namna gani? Nani alilijua kabla? Alilipima na nini? Ndiyo maana watu wengi wametoka wakisema «koltani ya Bisie», wakati utajiri wa Bisie ni kasiterite, yaani jiwe la bati. Na mahali penye maelezo hayako, uvumi unajenga nyumba. Uranium imejenga yake hapo.

Basi tuseme juu ya jiwe, kwa kifupi.

Chini ya Masisi na Walikale kuna miamba ya zamani sana ya ukanda wa Kibara: shisti, kwarziti na granaiti. Granaiti zenye zilileta bati zina umri wa karibu miaka bilioni moja. Zilipopoa, maji ya moto yenye madini yalipenya katika nyufa. Kule Bisie yaliacha kasiterite katika mishipa ndani ya shisti ya kijani yenye kloriti. Kule Rubaya yaliyobaki ya granaiti yaliganda yakawa pegmatiti zenye koltani. Udongo mweusi wa Masisi wenye sisi wa kilimo tunausifu, kwa sehemu kubwa ni majivu ya volkeno, mtoto wa jana ukilinganisha na mawe hayo. Viko kwenye mlima mmoja, lakini ni hadithi mbili.

Uranium je? Tuseme ukweli wote. Ile yenye iliingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga, mbali sana kusini. Mwingereza Robert Sharp aliitambua mwaka 1915, na mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière alituma zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York. Ni jiwe la aina nyingine, katika miamba ya aina nyingine. Kwetu Kivu, uranium yenye inajulikana vizuri kwa wanasayansi iko Kobokobo, Mwenga, katika pegmatiti yenye ilijulikana zaidi kwa berili. Wabelgiji walipata pale madini mapya kadhaa ya uranium, na moja likaitwa kamitugaiti mwaka 1984, kwa jina la Kamituga. Ni fuwele ndogo ndogo za kuwekwa kwenye kabati la museo. Kupata fuwele si kupata mgodi.

Na Masisi? Hapa ndipo nilishangaa niliposoma. Uranium iko, ndani ya koltani yenyewe! Kiasi kidogo kinajificha katika fuwele zake. Kuna mizigo ya koltani yenye inapita kipimo cha mionzi, nayo inasafirishwa kwa masharti ya mizigo ya mionzi. Wanajiolojia wa Ujerumani, wa taasisi ya BGR kule Hannover, wameifanya hiyo uranium kuwa saa: inageuka risasi polepole, wao wanapima zote mbili, wanajua umri wa jiwe. Kwa umri huo na vipimo vingine wanaweza kuangalia kama mzigo umetoka kweli mahali penye karatasi inasema. Kwa hiyo uranium ya Masisi haitoshi bomu, lakini inatosha kumshika mwenye kusema uongo juu ya mzigo.

Munaona sasa kwa nini nalaumu. Jirani mmoja wa familia yetu aliuza ng'ombe wawili ili aingie katika «biashara ya uranium». Walimwonyesha jiwe jeusi, zito, limefungwa katika plastiki tatu, wakamkataza kulifungua «juu ya mionzi». Angejua kwamba kasiterite nayo ni nyeusi, nayo ni nzito karibu mara 7 kuliko maji, angeuliza swali moja tu: mulipima na nini? Uzito si kipimo cha uranium. Kuna mashine za kusikia mionzi, na kuna maabara. Katika kilimo hatusemi shamba lina rutuba juu udongo ni mweusi. Tunachukua sampuli sehemu nyingi, tunapima, ndipo tunafungua mdomo.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Kutafuta madini kuna ngazi. Wakoloni walipita mito na karai, wakiosha mchanga, wakifuata punje nyeusi kupanda juu mpaka kwenye mshipa. Halafu mitaro, sampuli za udongo, ramani. Mwaka 1976 makampuni kadhaa ya zamani yaliunganishwa ikazaliwa SOMINKI. Bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, SOMINKI nayo ikaanza kuanguka, na kufika mwisho wa miaka ya 90 ilikuwa imekufa. Wachimbaji wa mikono wakabaki na nyundo bila ramani. Hata hivyo ni wao wenye walifungua Bisie, karibu mwaka 2002.

Filamu inawaonyesha kama watu wa kuhurumiwa. Haioni kwamba walikuwa pia watafutaji: miguu yao na macho yao ndiyo ilionyesha ulimwengu mahali. Lakini kuonyesha mahali hakukuwapa haki. Mwaka 2012, miaka miwili baada ya filamu, Alphamin ilianza kutoboa kwa mashine na kutoa nguzo za mawe kutoka chini. Kila nguzo ikapimwa. Mlima ukageuka kuwa tarakimu: bati karibu asilimia 4.5 pale Mpama North, wakati migodi mingi duniani haifiki hata 1. Kwa tarakimu hizo pesa zilipatikana, mgodi ukaanza mwaka 2019, na leo Bisie inatoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia. Shimo lile lile, lakini mwenye kipimo ndiye anaketi mezani. Mwenye nyundo anabaki nje ya uzio, akiomba kazi.

Simlaumu Poulsen kwa mambo yenye yalikuja baada yake. Namlaumu kwa swali lenye aliliacha pembeni. Aliuliza «nani ananunua?», swali zuri kwa mtu wa Copenhagen mwenye simu mkononi. Swali letu sisi wa hapa ni «nani anajua?» Na hilo halikufa na ile filamu. Mwezi wa 3 mwaka 2025 M23 walipoingia Walikale, mgodi wa Bisie ulisimama kwa muda. Rubaya nayo iko mikononi mwao tangu mwaka 2024. Bunduki zinabadilika, lakini ramani na nguzo za mawe bado ziko kwa wengine: kwa makampuni, na kwa museo ya Tervuren, Ubelgiji, yenye inatunza ramani na maandishi mengi ya wakoloni.

Kwa hiyo muiangalie hii filamu, inafaa. Lakini usiku huo huo awepo mwanajiolojia mmoja kati yetu, na mawe matatu juu ya meza: kasiterite, koltani, na jiwe la kawaida la mtoni. Watu wayashike, wayapime uzito, waambiwe tofauti kwa Kiswahili. Wenzetu wa jiolojia wenye munasoma hapa: nani analeta mawe? Mimi nitaleta mizani.