Hongera kwa Mafundi Wanaojua pa Kuachia

Nawapongeza mafundi wa pikipiki, hasa wale wanaofungua injini ya bodaboda ya CC 125 na kuifunga upya kwa akili. Dereva huja na ombi lake: fundi, ilainishe, ikimbie, isinywe mafuta. Na kweli, sehemu kubwa ya msuguano wa injini ile iko kwenye pistoni na ringi zake, kwa hiyo kishawishi cha kusugua kila kitu hadi king'ae si kidogo.

Fundi mzuri hasugui ovyo. Nimemtazama mmoja akiielekeza silinda kwenye jua, akitafuta ile mikwaruzo myembamba inayokatizana kama wavu. Ukuta ukiwa kama kioo, aliniambia, oili haina pa kushika. Kisha akaingiza ringi peke yake ndani ya silinda, akaisawazisha kwa kichwa cha pistoni na kupima mwanya kati ya ncha zake: kama robo milimita. Mwanya ukibana mno, ringi hutanuka kwa joto, ncha zikasukumana na kuuchana ukuta.

Lakini kwenye oili ndipo ninapowavulia kofia. Pikipiki nyingi huogesha klachi kwa oili ile ile ya injini. Ukitia oili ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano, klachi nayo italainika, ianze kuteleza mlimani abiria akiwa nyuma. Fundi yule huigeuza chupa na kutafuta herufi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo, kabla ya kugusa kizibo.