Fundi wa Vifuko

Anayetaka kujua jinsi seli moja ya neva inavyopasha nyingine habari asianzie kwenye ubongo wa binadamu. Seli zake za neva zinakadiriwa kufika bilioni 86, na hujui ushike wapi. Fundi wa kazi hii kwanza humchagua mnyama, na katika kuchagua, namvulia kofia mtafiti Mmarekani Richard Scheller.

Alisomea kemia katika chuo cha Caltech, akapata uzamivu mwaka 1980. Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1977, jina lake lilitangulia katika makala kuhusu vipande vya DNA vilivyoundwa maabara ili kurahisisha uunganishaji wa jeni. Mmoja wa waandishi wenzake alikuwa Herbert Boyer, ambaye mwaka uliotangulia alianzisha kampuni ya Genentech pamoja na Robert Swanson. Basi wanaosema kwamba Scheller baadaye aliiacha sayansi akakimbilia kampuni hiyo wangeanza kwa kusoma orodha hiyo ya majina.

Kutoka kwenye kemia alikwenda Chuo Kikuu cha Columbia, kwa watafiti Eric Kandel na Richard Axel, kuchunguza jeni za Aplysia, konokono wa baharini mwenye seli za neva kubwa ajabu. Alipopata maabara yake Stanford akamgeukia Torpedo, samaki jamii ya taa anayepiga shoti. Kiungo chake cha umeme kimesheheni miisho ya neva, na ndani ya miisho hiyo mna vifuko vya kemikali za ujumbe. Kwa wanyama wengine mtafiti huambulia tone. Hapa anajaza kikombe. Mwaka 1988 maabara hiyo ikaitambulisha VAMP, protini ya ukuta wa kifuko. Mwaka 1992 ikaja sintaksini, iliyo kwenye utando wa seli. Hizo mbili, pamoja na protini ya tatu, husokotana zikavuta kifuko hadi utandoni, kikamwaga ujumbe wake. Mwaka huohuo ilibainika kuwa sumu ya pepopunda huikata VAMP: neva zinazotuliza misuli zinanyamazishwa, mgonjwa anakakamaa.

Mwaka 2001 Scheller akahamia Genentech kuongoza utafiti, katika kampuni iliyojulikana zaidi kwa dawa za saratani. Wapo wanaoona hatua kama hiyo ni kuuza elimu. Mimi naona ni ufundi kuongezewa uzito. Chuoni mtafiti husifiwa kwa kung'ang'ania swali lake. Kwenye kampuni hana budi pia kuliua wazo alilolilea, mapema, kabla mgonjwa hajalilipia kwa mwili wake. Si wengi wanaoweza yote mawili. Hasara ipo, sikatai: kampuni huanza na ugonjwa wenye soko, na kampuni gani ingemlipa mtu amchunguze taa?

Tuzo ya Lasker ya mwaka 2013, aliyopewa pamoja na Thomas Südhof kwa kazi ya vifuko, ilimkuta bado yuko Genentech.