Namna ya Kupima Ubora wa Kasha la Vito la Kutengeneza Nyumbani

Kasha la vito lililotengenezwa kwa boksi la viatu, mabaki ya kanga na kopo la maziwa linaweza kulishinda la dukani. Linaweza pia kupendeza mezani huku likiifubaza bangili ya fedha kimyakimya. Kwa hiyo ukionyeshwa kazi ya mtu, au ukikagua ya kwako, yaache kwanza maua na riboni zilizobandikwa juu. Fungua, uangalie ndani.

Anza na pua. Lifunike kasha usiku kucha, asubuhi lifunue na unuse papo hapo. Harufu ya siki hutoka kwenye silikoni ya kuzibia sinki na madirisha. Mvuke huo ni asidi, nayo hula shaba na kuharibu lulu. Harufu ya mpira ni hatari kwa fedha, maana mpira huimarishwa kwa salfa, na salfa ndiyo inayoifanya fedha kuwa nyeusi. Kwa unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja, weusi huo huja upesi. Mimi hupendelea gundi nyeupe ya mbao, ilimradi iachwe ikauke kabisa kabla kifuniko hakijafungwa.

Pua ina mpaka wake, na mafundi wa makumbusho wanalijua hilo. Mwaka 1973 Andrew Oddy wa British Museum, London, alieleza njia ya kupima vifaa vya makabati ya maonyesho: kipande cha kifaa hufungiwa chupani pamoja na vipande vya fedha, shaba na risasi na maji kidogo. Siku hizi jaribio hilo hufanywa kwa joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Nyumbani inatosha chupa ya jamu. Chuna waya wa umeme, sugua shaba yake ing'ae, itundike chupani juu ya kitambaa au sponji unayotaka kutumia, weka na pamba iliyoloweshwa pembeni, kisha funga. Chupa ya pili iwe na waya na pamba tu. Baada ya wiki kadhaa zilinganishe. Waya ukifubaa zaidi kwenye chupa ya kwanza, hicho kitambaa kitafutie kazi nyingine.

Sasa mikono. Pitisha mtandio mwepesi wa shifoni juu ya kila ukingo, kulabu na msumari. Unaponasa, pana ncha itakayokwaruza dhahabu pia. Kisha funga kasha likiwa na vito na ulitikise taratibu. Ukisikia chuma kikigonga chuma, vyumba ni vikubwa mno au havina kitambaa cha kutosha. Vito havilingani ugumu: kwenye kipimo cha Mohs almasi ni 10, tanzanaiti ni kati ya 6 na 7, lulu haifiki 5, na dhahabu na fedha nazo ni laini. Hata mchanga wa kawaida ni 7, ndiyo maana kifuniko kinachopwaya ni kasoro kubwa: vumbi likiingia, kila unapofuta kito laini unakikwaruza.

Mahali pa pete ndipo fundi anapojulikana. Vipande vya kanga, vilivyofuliwa hadi vikaacha kutoa rangi, vikunjwe kuwa mikunjo minene iliyobanana, ipangwe sambamba. Chomeka pete, kisha inamisha kasha nusu: pete isitoke. Ichomoe, na mkunjo ujirudie. Sponji ya godoro hujirudia vizuri ikiwa mpya, ila ikizeeka humeguka na kunata, kwa hiyo siipi alama sawa na kanga.

Trei ya mayai ya karatasi ni rahisi kupata, lakini hushika unyevu na kumwaga vumbi. Ifae vipuli vya plastiki tu.

Kwa hereni za kulabu, fremu ya picha iliyowambwa wavu wa dirisha ni chaguo zuri. Bonyeza katikati kwa kidole: wavu uwe umekaza, na kingo zake ziwe zimekunjwa nyuma. Chagua wavu wa plastiki. Wa chuma utashika kutu. Mikufu nayo inataka kulabu zilizoachana vya kutosha ili minyororo isishikane, na stendi isiyopinduka ukitundika yote upande mmoja. Kopo lililojazwa kokoto chini hulimaliza tatizo hilo.

Shanga za lulu usizitundike, maana uzi hulegea; zilaze kwenye kitambaa cha pamba. Vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya viweke upande wa fedha. Lulu zisikae navyo, kwa sababu zikikauka mno hupasuka.